Pikapu inayozimika ikiwa baridi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki nakiandika kwa mafundi wenzangu, na kwa yeyote mwenye gari linalomtesa alfajiri halafu mchana linatulia kana kwamba halijawahi kuumwa. Aina ya gari, mwenyewe na mafundi waliolishika kabla yangu sitawataja. Vipimo nimeviacha kama vilivyo daftarini.

Usuli

Gari ni pikapu ya petroli, silinda nne, ya nozeli na kontroboksi (kompyuta inayoongoza injini), gia za mkono, na feni ya rejeta inayozungushwa na mkanda. Limeshapita kilomita 200,000. Mwenyewe ni mtu wa makamo anayeamka kabla ya jua, anapakia mzigo na kuondoka. Gari lisipowaka alfajiri, siku yake imeharibika.

Malalamiko yake yalikuwa haya. Gari likilala usiku kucha, asubuhi starta inazunguka muda mrefu kabla halijashika. Likishika linaunguruma kwa sekunde nane hadi kumi na mbili, linaanza kutetemeka, linazima. Ukiwasha tena, linazima tena. Mara ya nne au ya tano, akikanyaga mafuta kidogo na kuushikilia mguu hapo hapo dakika tatu au nne, linakubali. Baada ya hapo halina shida siku nzima. Ulizime mchana, ukae nusu saa, ukiliwasha linadaka mara moja. Taa ya injini haikuwahi kuwaka hata siku moja.

Tatizo lilianza taratibu. Mwanzoni ilikuwa asubuhi moja moja, hasa zile za baridi, na baada ya miezi kama minne ikawa kila siku.

Yaliyofanyika kabla halijanifikia

Zilibadilishwa plagi, ikabadilishwa filta ya petroli, kisha pampu ya petroli nzima. Baadaye fundi mwingine alifungua mlango wa hewa akausafisha pamoja na vali inayoongoza sailensi, yaani mzunguko wa injini pale usipokanyaga mafuta. Baada ya usafi huo gari lilipata nafuu kwa siku tano hivi, kisha likarudi kule kule.

Siwalaumu. Vyote walivyogusa vinaweza kweli kuzimisha gari la asubuhi. Ila kila fundi aliletewa gari lililokwishaendeshwa njia nzima, lina moto. Walikuwa wakitibu ugonjwa waliosimuliwa, hakuna aliyeuona kwa macho yake.

Siku ya kwanza

Mimi pia nililetewa saa sita mchana, injini ikiwa na moto. Nilipima presha ya petroli: bari 2.9, na dakika kumi baada ya kuzima ilikuwa bado juu ya bari 2.4. Pampu haina neno na petroli hairudi tangini. Nikapulizia dawa kuzunguka gasketi ya manifoldi nikitafuta mahali inapovuta hewa ya wizi. Sauti ya injini haikubadilika. Nikachomoa soketi ya sensa ya joto la maji, nikapima ukinzani wa sensa yenyewe kwa mita: omu 280. Kwa sensa ya aina hii, maji yakiwa kwenye nyuzi 85 au karibu na hapo, ndiyo namba inayotakiwa. Nikaandika daftarini: "Sensa nzima."

Nikarudisha soketi, nikaunganisha skana, mashine inayoonyesha kile kontroboksi inachokisoma. Joto la maji: 95. Geji ya dashibodi ilikuwa katikati, imetulia. Nikapita.

Hadi hapo sikuwa na kitu mkononi, na ilinibidi nichague. Ningeweza kuendelea na mtindo wa kubadilisha vipuri, na kilichofuata kwenye foleni kingekuwa vali ya sailensi mpya au sensa ya hewa, ambavyo bei yake haichezewi. Nikaona nimwombe kitu kingine.

"Mzee, gari lilale hapa."

"Fundi, kesho alfajiri nina mzigo."

"Basi lete jioni ya siku ambayo kesho yake hupakii. Nataka kuliona likiwa baridi kabla wewe wala mimi hatujapiga starta."

Hakupenda, lakini alikubali. Siku tatu baadaye alilileta jioni, akaniachia ufunguo.

Nilipomdadisi jioni ile ndipo aliposema, kama jambo la pembeni, kwamba mwezi mmoja au miwili kabla ya tatizo kuanza themostati, ile vali inayofungulia maji ya rejeta injini ikipata moto, ilikuwa imebadilishwa. Niliiandika bila kujua itanisaidia wapi.

Alfajiri

Injini iliyolala usiku kucha ni kipimo unachopewa mara moja kwa siku. Ukipiga starta ovyo umekipoteza, usubiri tena mpaka kesho. Kwa hiyo nilipanga utaratibu usiku: geji ya presha ya petroli nikaiacha imefungwa, kipimajoto cha kawaida nikakining'iniza ndani ya boneti, na skana ikawa tayari pembeni.

Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 17. Nikafungulia swichi bila kuwasha injini, nikaangalia namba mbili tu kwenye skana. Hewa inayoingia: 18. Maji ya injini: 59.

Nikasubiri. Ikawa 57. Ikawa 61. Ikarudi 59.

Injini iliyolala kwa muda wa saa kumi na moja haiwezi kuwa na maji ya nyuzi 59 wakati hewa iliyoizunguka ni 17. Kila kitu ndani ya boneti kinakuwa kimeshafikia joto moja, kwa hiyo sensa ya joto la hewa na sensa ya joto la maji lazima zikubaliane, tofauti isizidi nyuzi chache. Kipimo hiki hakifungui hata bolti moja, na kati ya vyote nilivyofanya kwenye gari hili ndicho kilicholeta jibu.

Tafsiri yake ni hii. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Sehemu kubwa inatanda kama umande kwenye kuta za njia ya hewa na za silinda, haichomeki. Kontroboksi inafidia kwa mambo mawili: inaongeza petroli, na inaruhusu hewa zaidi ili sailensi ipande. Kwenye gari hili sailensi ya baridi inatakiwa iwe karibu mizunguko 1,400 kwa dakika, ishuke taratibu hadi 750 maji yakishapata moto. Kontroboksi yetu ilikuwa imeambiwa kwamba injini ina nyuzi 59, imeshapasha zaidi ya nusu. Ikatoa petroli ya injini yenye uvuguvugu kwa injini ambayo ni baridi kabisa. Nyongeza ya sekunde za kwanza, ile inayotolewa kila gari linapowaka, ndiyo iliyolishikilia. Ilipokwisha, gari likakata roho. Sensa ya oksijeni kwenye egzosi, ambayo ingegundua kwamba petroli ni pungufu, haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi zipatazo 300, kwa hiyo katika dakika hiyo ya kwanza hakuna wa kuirekebisha kontroboksi.

Nikawasha mara moja kuthibitisha. Sailensi haikuzidi 900. Sekunde ya kumi, kutetemeka. Kimya. Presha ya petroli ilibaki 2.9 muda wote. Nikawasha mara ya pili, na lilipoanza kutetemeka msaidizi wangu akapuliza kiasi kidogo cha dawa ya kusafishia karbureta kwenye njia ya hewa. Injini ikainuka papo hapo, ikakaa sawa sekunde mbili tatu, kisha ikazima. Ilikuwa na njaa ya petroli, basi. (Dawa hiyo inashika moto haraka. Usiipulize penye cheche, na uwe na kizimamoto karibu.)

Soketi

Lililonisumbua ni kwamba sensa hiyo hiyo niliishaipa cheti cha afya. Nikaichomoa tena, nikaipima ikiwa baridi: omu 2,750. Sawasawa kwa nyuzi 17. Sensa ilikuwa nzima kweli.

Basi nani anadanganya? Soketi ikiwa bado imechomolewa, nikageuka kutazama skana. Kontroboksi isipoona sensa kabisa, kwenye magari mengi inasoma takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, na muda si mrefu taa ya injini inawaka. Hapa skana ilisema 51. Taa haikuwaka. Kontroboksi ilikuwa inasoma joto kutoka kwenye soketi isiyounganishwa na chochote.

Nikaipindua soketi nikaimulika. Ndani, kati ya vipini viwili vya shaba, kulikuwa na uji mzito wa rangi ya kijani iliyochanganyika na weupe, umeganda pembeni na umelowa katikati. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekakamaa na una ufa. Nilipoukandamiza kwa ncha ya bisibisi nyembamba, tone moja lilijitokeza, linateleza kama sabuni. Lilikuwa maji ya rejeta yenye dawa.

Nikafungua betri, nikachomoa soketi kubwa ya kontroboksi ili nisipime mzunguko wake wa ndani, kisha nikaweka mita kati ya vile vipini viwili. Panapotakiwa pasiwe na njia kabisa, palikuwa na njia ya omu 740 hadi 780, inapanda na kushuka kila nilipotikisa waya.

Kabla ya kukata chochote nilitaka uthibitisho asubuhi ile ile, injini ikiwa bado baridi. Nikaosha soketi kwa dawa ya kusafishia umeme, nikaipuliza kwa hewa mpaka ikakauka, nikarudisha betri na soketi ya kontroboksi. Soketi ya sensa ikiwa nje, skana ikashuka hadi 38 chini ya sifuri. Nikaichomeka: 19. Nikapiga starta. Gari likadaka, sailensi ikapanda hadi 1,400, ikakaa hapo. Mguu wa mtu haukugusa pedeli.

Maji yalitoka wapi

Ningeweza kuishia hapo, na gari lingerudi baada ya wiki chache. Soketi ya sensa hii iko chini kidogo ya nyumba ya themostati, palipofungwa mpira wa juu wa rejeta. Kwenye chuma chini ya mpira kulikuwa na mstari mwembamba wa chumvi iliyokauka, unateremka moja kwa moja hadi mgongoni mwa soketi.

Ndipo lile neno la themostati lilipopata maana. Aliyeibadilisha alitoa klipu ya asili ya springi, akaweka klipu ya kukaza kwa skrubu. Klipu ya springi inaufuata mpira unapotanuka na kusinyaa. Ya skrubu inabaki pale ulipoikazia. Injini ikiwa na moto mpira unavimba na kuziba, huoni tone. Usiku, vyote vikisinyaa, panabaki nafasi ndogo sana, na maji yanatoka kidogo kidogo, tone baada ya tone. Hayapungui kwenye rejeta kiasi cha mtu kushtuka. Kwa hiyo uvujaji wenyewe nao ulikuwa wa baridi tu, na asubuhi ndiyo soketi ilikuwa imelowa kuliko wakati mwingine wowote.

Maamuzi ya matengenezo

Soketi niliikata nikaweka mpya. Kuiosha kungetosha kwa muda, lakini shaba ilikuwa imeshaliwa na mpira wake hauzuii tena maji. Waya mbili niliziunga kwa kulehemu, maungio nikayapishanisha yasikae sehemu moja, kila moja na mrija wake unaosinyaa kwa joto. Shingo ya themostati niliisugua chumvi yote ikatoka, nikarudisha klipu ya springi ya saizi yake, nikajaza maji ya rejeta na kutoa hewa.

Sensa sikuibadilisha. Mwenyewe aliuliza kwa nini, maana ameshazoea kuona kitu kipya. Nilimwonyesha vipimo vitatu: baridi, vuguvugu na moto, vyote vimekaa mahali pake. Kifaa kilichopita mtihani mara tatu sina sababu ya kukitupa.

Matokeo

Nililiomba gari usiku mmoja zaidi. Chini ya klipu nilifunga karatasi laini nyeupe. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu, skana ikasoma hewa 16, maji 17, na injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza wa starta. Sailensi ilianzia 1,400 ikateremka yenyewe hadi 750 kadiri maji yalivyopata moto.

Mwenyewe alipokuja, aliwasha gari mguu ukiwa juu ya pedeli kama alivyozoea miezi yote ile. Nikamwomba auondoe. Alikaa akiisikiliza injini inaunguruma peke yake, mikono yote miwili juu ya usukani, kwa muda mrefu kidogo. Wiki mbili baadaye alinipigia kunijulisha kwamba hakuna asubuhi iliyomshinda.

Uchambuzi: kwa nini baridi tu?

Hili nataka kulikalia, kwa sababu wengi huuliza: kama soketi ina kasoro, mbona mchana gari ni zima?

Sensa ya aina hii ukinzani wake unapungua joto linapopanda. Ule uji kwenye soketi ulikuwa kama njia ya pili iliyolazwa sambamba na sensa, yenye omu 750 hivi. Asubuhi sensa inasema 2,750. Zilaze sambamba na 750, kontroboksi inaona 589. Karibu nne ya tano ya ukweli imepotea, na nyuzi 17 zimegeuka kuwa 60. Mchana, kwenye nyuzi 85, sensa inasema 275. Zilaze sambamba na 750 ile ile, kontroboksi inaona 201. Imepotea robo na kidogo tu, na 85 inasomeka karibu 95. Kosa ni lile lile, uzito wake ndio unaobadilika. Na mchana sensa ya oksijeni imeshapata moto, inasahihisha petroli kila mara, kwa hiyo hata hilo dogo lililobaki dereva halihisi.

Taa ya injini haikuwaka kwa sababu kontroboksi hii ililalamika tu pale waya inapokatika au inapogusana kabisa. Nyuzi 59 ni joto la kawaida. Haikuwa na namna ya kujua kwamba namba hiyo imefika saa isiyo yake.

Na geji ya dashibodi? Kwenye gari hili ina sensa yake peke yake, ya waya mmoja, isiyohusiana na ile ya kontroboksi. Ilisema kweli siku zote, na ukweli wake ndio uliowafanya watu watatu, mimi nikiwemo, tuamini kwamba habari za joto zimeshamalizwa.

Uchambuzi: yaliyosaidia na yaliyokwamisha

Kulilaza gari ndiko kulikofungua njia, na kusoma namba mbili kabla ya starta. Kupuliza ile dawa ya karbureta kulisaidia kwa namna nyingine: kuliniambia kwamba nyuzi 59 ndizo zilizokuwa zikilizimisha gari, si kosa lililokaa tu pembeni ya kosa jingine. Magari ya umri huu huwa na makosa mawili matatu kwa wakati mmoja, na kosa la kwanza unaloliona si lazima liwe ndilo unalolitafuta.

Ule usafi wa vali ya sailensi uliotoa nafuu ya siku tano ulipoteza muda mwingi. Nadhani ulikuwa na faida ya kweli, vali ilikuwa na masizi na sailensi ilipanda kidogo. Lakini kuna jambo jingine: ili kuifikia vali unasogeza waya zinazopita juu ya soketi ile, na mafundi wengi hupuliza eneo zima kwa hewa wanapomaliza. Soketi ilikauka, ikalowa tena.

Kosa langu ni pale nilipopima sensa bila soketi. Niliitoa sensa kwenye mazingira yanayoidhuru, nikaiuliza ikiwa peke yake, tena ikiwa na moto, halafu nikaandika "nzima" kana kwamba nimepima njia yote hadi kontroboksi. Tangu hapo natenganisha daftarini: sensa ni mstari mmoja, na kile kontroboksi inachokisoma ni mstari mwingine.

Na mchana ule wa kwanza dalili ilikuwa mbele yangu. Skana ilisema 95. Kipimajoto cha mionzi, kile unachokielekeza kwenye chuma na kusoma joto bila kugusa, kingeonyesha nyumba ya themostati iko karibu nyuzi 85, na tofauti ya kumi ingenisimamisha. Kilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka pale niliposimama.